Juma Moja la Mama Waisiko Mwaloni Sota

Mama Waisiko ni mama mkwe wangu. Kwa sisi Wakurya neno hilo linatosha kueleza kwa nini, katika miaka kumi na mitano tangu nimwoe binti yake Esta, sikuwa nimewahi kumtazama usoni wala kumsemesha. Hatukuwa na ugomvi wowote. Ni heshima tu. Mkwe na mama mkwe hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja, na wakikaribia kukutana njiani mmoja huacha njia. Haya ninayoyaandika niliyasikia kupitia uzio wa matete, au niliambiwa na Esta, nami niliyaweka kwenye daftari siku zilezile. Nayanakili sasa kwa ajili ya wajukuu wake, na kwa sababu namshukuru.

Mwaka 1975 nilikuwa nimeajiriwa kusoma kipimo cha maji ya ziwa pale Sota. Kila asubuhi saa tatu nilishuka hadi kwenye nguzo yenye namba, nikaandika maji yamefika wapi, upepo unatoka wapi, na kama mvua imenyesha. Mwisho wa mwezi nilituma karatasi Musoma. Nilikuwa pia mtunzaji wa sanduku la vitabu la kijiji, vitabu arobaini na moja, kwa kuwa pale mwaloni kwa wavuvi ni mimi peke yangu niliyekuwa nimesoma sekondari. Siku nyingi hakuna aliyekuja kuazima, nami nikavisoma vyote, vingine mara tatu au nne.

Mwishoni mwa Julai Mama Waisiko alijikata mguu kwa jembe huko kwao Susuni. Jeraha likavimba, wakamleta hospitali ya misheni, kutoka kwetu ni mwendo wa nusu saa. Walimsafisha, wakamshona nyuzi tisa, wakamwambia apumzike juma zima bila kulima wala kubeba maji, arudi Jumamosi ya tarehe 9 Agosti kukatwa nyuzi. Kurudi Susuni na kuja tena kwa mguu ule kusingewezekana. Kulala nyumbani kwangu ndiko kabisa hakukuwezekana. Jirani yetu Teresia, mke wa mvuvi Simioni, akasema, “Mama wa Esta atalala kwangu. Sisi Wajaluo naye hatuna aibu.”

Nyumba ya Teresia na chumba changu cha kazi vilitenganishwa na uzio wa matete tu.

Esta aliniambia kwamba mama yake hakuwahi kukaa siku nzima bila kazi tangu alipoolewa. Siku ya kwanza alimwomba Teresia dagaa wa kuchambua akiwa amekaa. Siku ya pili, Jumapili, alimaliza dagaa wote, akatazama ziwa, akasema, “Maji haya hayana mwisho, na mimi sina kazi. Esta, kwa mumeo kuna vitabu. Niletee kimoja. Mtihani ni Jumatatu, si ya kesho, ile nyingine.”

Mtihani huo ulikuwa wa kisomo cha watu wazima, nchi nzima mwezi ule. Mama Waisiko alikuwa mwanafunzi mashuhuri wa darasa la Susuni. Mwezi Juni ofisa wa elimu alifika kuwakagua, akafungua kitabu cha kisomo, Mama Waisiko akasoma ukurasa mzima bila kukwama, watu wakapiga makofi. Ofisa akaahidi mbele ya mkutano kwamba Susuni itapewa sanduku la vitabu, na mama huyu akifaulu hatua ya nne, ya juu kabisa, atalitunza yeye nyumbani kwake. Asipofaulu, litakwenda kwa Nashoni, aliyefika darasa la nne enzi za wakoloni na ambaye tayari alikuwa na ufunguo wa ghala na wa ofisi.

“Tulipohamishiwa kijijini mwaka jana,” alimwambia Esta, “kila kitu kilikwenda kwa wanaume. Sanduku hili nalitaka. Wanawake waje kwangu wakae, wasome.”

Basi Jumatatu nikamchagulia kitabu chembamba cha hadithi ya mwanamke aliyefuga nyuki, herufi zake kubwa. Esta akampelekea. Nilikuwa mezani nikichora mistari kwenye karatasi za Musoma, nikawasikia.

“Kina kurasa ngapi?”

“Thelathini na mbili, mama.”

“Nyingi. Haya, kaa hapa uniambie kinasemaje.”

“Si ukisome mwenyewe?”

“Nitakisoma. Niambie kwanza. Kitabu mtu hajaambiwa, atakisomaje?”

Esta alicheka, akadhani mama yake anataka tu sauti ya binti yake. Akamsomea kurasa tatu. Mchana Mama Waisiko akazisoma zote tatu kwa sauti, taratibu na vizuri, akiweka kituo pale penye kituo. Teresia aliacha kuanika dagaa akaja kusimama karibu.

“Weee, mama! Unasoma kama redio!”

“Redio haina mguu mbovu,” alisema Mama Waisiko, akaendelea.

Niliandika katika daftari: *Mama anasoma vizuri kupita nilivyotazamia.*

Jumanne Esta akamsomea kurasa mbili nyingine. Kuku wa Teresia waliingia kwenye dagaa, Esta akainua kichwa kuwafukuza, na aliporudi kwenye kitabu akaruka mstari mmoja, ule ambao mwanamke wa hadithi anaumwa na nyuki na kujitupa mtoni. Niliugundua kwa kuwa nilikijua kitabu kile. Mahali pengine palipoandikwa “akampa jirani” Esta alisoma “akampa shemeji.” Ni makosa madogo ya mtu anayesoma haraka.

Mchana Mama Waisiko alisoma kurasa zilezile. Mwanamke akafungua mzinga, na papo hapo nguo zake zikawa zimelowa, bila mto. Nikasema moyoni, labda naye jicho limeruka. Nikangoja ukurasa wa pili. “Akampa shemeji,” alisoma Mama Waisiko.

Niliweka kalamu chini.

Jioni tulipokuwa tunakula nikamweleza Esta. Alinitazama kwa hasira.

“Baba Hezekia, unasema mama yangu ni mwongo?”

“Sijasema hivyo.”

“Amesoma mbele ya ofisa! Watu wamepiga makofi!”

“Ukurasa ule wa ofisa ulihusu nini?”

“Pamba. Kitabu chao chote ni cha pamba.”

“Susuni kuna pamba?”

Susuni wanalima ulezi, mahindi, ndizi, na wengine kahawa. Sijui nani alipanga vitabu vile, lakini darasa lile lilijifunzia kitabu cha kulima pamba ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuipanda. Mwalimu alisoma sentensi, darasa zima likaitikia, miezi minane. Na Mama Waisiko ni mtu anayeweza kukutajia ng’ombe wa mahari za shangazi zake wote, rangi na pembe, bila kurudia. Ukurasa kwake ulikuwa na picha juu, na picha ilimkumbusha maneno yaliyotangulia kusemwa.

“Hakudanganya,” nilisema. “Anaamini hivyo ndivyo watu wanavyosoma.”

“Jumatatu watampa karatasi ambayo hajaambiwa na mtu,” alisema Esta. Hakumaliza ugali wake.

Jumatano alimchukua mama yake polepole na fimbo yake hadi ufukweni, mahali mitumbwi inapovutwa asubuhi baada ya kuvua dagaa. Mitumbwi ya Sota yote imeandikwa majina ubavuni kwa rangi. Esta alidhani hapo hakuna picha ya kumkumbusha wala mtu aliyemsimulia. Wa kwanza ulikuwa wa Simioni.

“Mama, huu unaitwaje?”

“Sijaambiwa.”

“Herufi ya kwanza?”

“U.” Akazitaja zote tisa bila kosa: U, S, I, N, I, S, E, M, E. Alizijua herufi kama anavyowajua watoto wa jirani. Ila alipoombwa aziunganishe alizitaja tena, mara ya pili na ya tatu, akitokwa na jasho.

Simioni alikuwa ameketi kwenye mchanga akitengeneza nyavu. “Mama, unautaka mtumbwi wangu? Siuzi!”

“Anausoma,” alisema Esta.

“Si angeniuliza! Unaitwa Usiniseme!”

“Usiniseme,” alisema Mama Waisiko mara moja, kidole kikipita juu ya herufi. Wavuvi wakamsifu. Simioni akaeleza kwamba alimpa mtumbwi jina hilo kwa ajili ya mashemeji zake, watu wakacheka, na Mama Waisiko akacheka nao.

Wakiwa njiani kurudi alisimama.

“Esta. Wewe ukitazama maandishi, nani anakuambia?”

“Hakuna, mama. Herufi zenyewe.”

“Hata jambo ambalo hujawahi kulisikia?”

“Hata hilo.”

Akashika fimbo yake, akatangulia hadi nyumbani kwa Teresia.

Alhamisi asubuhi nilirudi kutoka kwenye kipimo nikaketi mezani. Akaanza kusema karibu kabisa na uzio, kwa sauti ya mtu anayetaka asikiwe na upande wa pili. Ndivyo wakwe wanavyosemezana inapobidi: unamwambia mwingine.

“Esta, kirudishe hiki kitabu. Mwambie mwenyewe nimeshukuru. Na Jumatatu siendi kwenye mtihani. Sanduku apewe Nashoni.”

“Mama, bado siku nne.”

“Nimesimama mbele ya kijiji kizima nikasema nasoma. Kumbe nilikuwa naimba. Ofisa wa watu amenipigia makofi bure. Nirudi tena nikawaonyeshe?”

Esta akaja na kitabu, machozi yamemlenga. Akakiweka mezani mbele yangu, akakaa.

Nilikuwa na mambo ya kumwambia mwanamke yule kwa miaka kumi na mitano na sikuwa na njia. Nikachukua karatasi. Niliharibu nne, kwa sababu nilitaka maneno yenye silabi alizozoea kuziona ubaoni, nikakwepa kila neno gumu. Ya tano niliiandika kwa herufi kubwa:

MAMA. ESTA ANANIFAA. ASANTE SANA.

Esta aliisoma, akasahau kulia.

“Ananifaa? Kama jembe?”

“Maneno mengine yalikuwa magumu.”

“Miaka kumi na mitano, watoto watano, nakufaa!”

“Esta, je, si vibaya? Mimi kumwandikia?”

Akafikiri. “Karatasi haina macho,” alisema. Akaikunja, akaiweka katikati ya kitabu, akarudi nacho.

Nilisikia alivyomwambia: “Mama, ndani kuna karatasi yako. Sitakusomea. Teresia hajui kusoma. Basi ni wewe na yenyewe.”

Ilikuwa saa nane. Esta akaenda kuchota maji kwa makusudi. Mimi nilikuwa na karatasi za Musoma za kumaliza, sikumaliza hata moja. Upande wa pili wa matete palikuwa na kimya, halafu mnong’ono, halafu kimya. “Mama” aliitambua upesi, maana neno hilo lilikuwa ubaoni kwao. Kisha, “E. Se. Ta.” Akarudia. “E-sta.” Pakanyamaza sana. “Esta!” Nilisikia kiti kikisogea. Lile neno la tatu lilimchukua zaidi ya saa nzima. Alilianza mwanzo, alilianza mwisho, akalisonya, akaliacha, akamwomba Teresia maji, akalirudia. “A-na. Ana. Ana-ni.” Nilijikuta midomo yangu inakwenda pamoja naye.

Halafu akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka peke yake.

“Teresia! Teresia, njoo! Mkwe wangu anasema binti yangu anamfaa!”

“Nani kakuambia?”

“Hakuna! Hakuna aliyeniambia! Tazama, imeandikwa hapa!”

“Mimi nitazame nini, mama, naona wadudu tu.”

“Ananifaa, anasema. Ningejua ningeongeza ng’ombe kwenye mahari!”

Siku ile niliandika mstari mmoja katika daftari na sitaunakili.

Ijumaa nilichelewa kushuka kwenye kipimo. Nilikuwa nimeinama nikisoma namba niliposikia fimbo ikigongwa kwenye jiwe mara tatu. Ndiyo ilikuwa alama yake ya kuniambia anakuja, nimpishe. Hapakuwa na njia nyingine ila nyuma ya mitumbwi. Nikajibanza nyuma ya ule wa mwisho, nikitumaini atapita. Hakupita. Alianza na mtumbwi wa kwanza upande wa mbali, akauacha ule wa Simioni akisema huo ameshaambiwa, akaja mmoja baada ya mwingine, akinikaribia.

“Ba-do. Ni-po. Bado nipo!”

“Yupo kweli,” alisema Teresia, aliyekuwa amembebea kigoda. “Mwenyewe alizama mara mbili.”

“Ka-zi. Na. Mo-yo.” Alisoma mitumbwi sita. Mmoja ulimshinda, akaamua atausamehe. Miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi. Simioni alinitazama kutoka kwenye nyavu zake, mtumishi wa serikali aliyechuchumaa na daftari, akashika mdomo asicheke. Mwishowe nikaona ncha ya fimbo na bendeji ya mguu chini ya mtumbwi niliojificha.

“Nya,” alisema Mama Waisiko juu yangu. “Nya-sa. Nya-sa-ye.” Akavuta pumzi. “Be. Ber. Nyasaye ber.” Akasonya. “Hili neno limeharibika. Halina maana.”

Kigoda kilianguka mchangani.

“Mama! Umesema Kijaluo!”

“Nimesema nini?”

“Umesema Mungu ni mwema! Nani amekufundisha Kijaluo?”

“Mimi? Kijaluo? Sijui hata kusalimia.”

“Ndiyo nakuuliza!”

Mama Waisiko akapitisha kidole tena juu ya herufi. Kisha akasema taratibu, kama mtu anayehesabu mbuzi zizini akakuta wote wapo: “Basi nimesoma.”

Wakaondoka. Simioni akaja kuniinua kwa mkono kwa sababu sikuweza kusimama. “Bwana Maji,” alisema, “nyinyi Wakurya mnateseka sana kwa ajili ya heshima.” Nilimwambia ni kweli, na kwamba siku ile sikujutia.

Jumamosi walimkata nyuzi, naye akapanda lori na Esta kurudi Susuni. Kitabu cha nyuki nilimwandikia kama ameazima kwa miezi sita. Esta aliniambia kwamba humo njiani alifika ukurasa wa tisa, akisoma mwenyewe kutoka mwanzo, na kwamba lori liliporuka mashimo alilaumu dereva kwa kumchanganyia silabi. Alipofika kwenye mstari wa mto alimgeukia binti yake: “Mbona wewe hukuniambia aliingia majini?”

Jumatatu alikwenda kwenye mtihani. Alipewa habari fupi ya kisima cha kijiji. Wenzake waliokuwa wakimjua kwa usomaji wa haraka walishangaa. Alichukua muda mrefu hata msimamizi, kijana mpole, akamuuliza kama amesahau miwani. “Ngoja, mwanangu,” alimjibu. “Naunganisha.” Alisoma yote. Alikwama mara nyingi, lakini alisoma yote.

Matokeo yalipokuja alikuwa amepata hatua ya tatu. Sanduku likaenda kwa Nashoni, kama ilivyoahidiwa. Esta alilia kwa niaba yake. Yeye alikwenda darasani siku ya kwanza baada ya matokeo, akaomba kusimama, na akawaeleza wote, wanaume kwa wanawake, kwamba siku ile ya ofisa hakuwa akisoma, na jinsi alivyogundua. Walimcheka. Nashoni alicheka kuliko wote. Aliwaacha wamalize kucheka, akampa kitabu cha nyuki mwenzake Kezia, aliyepata hatua ya tatu kama yeye, akamfungulia ukurasa wa ishirini. Kezia alitazama, akatazama tena, akasema, “Hiki hatujaambiwa.” Hapo hakuna aliyecheka. Mwalimu wao alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba, na nitamsifu kwamba hakukasirika. Siku ileile alikwenda kwa Nashoni kuomba sanduku lifunguliwe, liletwe darasani. Nashoni, ambaye naye alikuwa amepata muda wa kufikiri, akalibeba mwenyewe kichwani.

Mwezi Desemba nilipata likizo tukaenda Susuni. Mimi kwa desturi nilikaa nyuma ya ghala la ulezi, upande ambao Mama Waisiko hapiti, nikaletewa chakula huko. Alasiri darasa lilikutana uani kwake, chini ya ukingo wa paa. Nilikuwa nimezoea kusikia madarasa ya kisomo: sauti moja ya mwalimu, halafu watu wote pamoja, vizuri kama kwaya. Hili halikuwa hivyo. Kila mtu alikuwa na kitabu chake na ukurasa wake, wakisoma kwa sauti za chini zisizolingana, mmoja akiharakisha, mwingine akirudia silabi moja kama gari lisilowaka. Yalikuwa makelele mabaya, nami nilikaa nikiyasikiliza bila kufungua daftari.

Mwanamke mmoja alikwama. Alisema “nya” mara tano au sita, na nikasikia mtu karibu naye akivuta pumzi ili amsaidie.

“Usimwambie,” ilisema sauti ya Mama Waisiko. “Mwache. Ataona mwenyewe.”

Wakamngoja.